Injini ya Nyumba Nyingine: Habari za Pikipiki Iitwayo Triton



Habari ninayotaka kuwasimulia leo ni ya pikipiki moja ya Uingereza ambayo haikuandikwa katika orodha ya bei ya kampuni kubwa yoyote, wala hapakuwa na wakala wa kuileta melini. Hata hivyo, kati ya mwaka 1950 na 1970, hapakuwa na kijana wa Kiingereza mpenda mbio asiyeijua. Jina lake ni Triton. Fremu yake, na mara nyingi magurudumu na breki, ni kazi ya Norton wa mji wa Birmingham. Injini yake ni kazi ya Triumph wa Meriden, karibu na Coventry. Jina lenyewe limekatwa nusu huku na nusu huko, kama mtoto aliyepewa jina na babu wawili wasiopatana.

Wengi wakisikia habari hiyo hudhani kwamba kazi yote ni kutoa injini moja na kutia nyingine. Sivyo. Kutia injini ni kazi ya Jumamosi moja, ikiwa una rafiki mwenye mgongo mzima. Kuiamsha katika mwili usio wake, na kuifanya ikae humo bila ugomvi, ndiyo kazi yenyewe, na sifa ya Triton ilitoka kwa mafundi walioiweza kazi hiyo ya pili.

Turudi nyuma kidogo, kwa maana kuazima injini si jambo la jana. Pikipiki za kwanza nyingi zilikuwa baiskeli zilizotiwa mtambo ulionunuliwa mahali pengine. Triumph walipotoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1902, injini yake ilikuwa ya Minerva, kampuni ya Ubelgiji. Norton nao walianza mwaka uo huo kwa injini ya Clément ya Ufaransa. Hata mwaka 1907, yalipofanywa kwa mara ya kwanza mashindano mashuhuri ya Kisiwa cha Man, Bwana Rem Fowler alipata ushindi katika daraja la silinda mbili juu ya Norton, lakini injini iliyompa ushindi ilikuwa ya Peugeot. Basi nyumba hizi mbili, ambazo baadaye zilijivuna sana kwa mitambo yao, zote zilianza maisha kwa moyo wa kuazima. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu baadaye wako watu walioiita Triton haramu, kana kwamba usafi wa ukoo ulikuwako tangu mwanzo.

Sasa tuje mwaka 1950. Mwaka huo Norton walipeleka Kisiwa cha Man pikipiki yenye fremu mpya, iliyobuniwa na Bwana Rex McCandless wa Belfast, fundi ambaye maarifa yake mengi aliyapata kwa kujifundisha mwenyewe. Fremu yake ilikuwa mabomba mawili marefu ya chuma yaliyokunjwa yakawa vitanzi viwili, kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto, yakipishana penye shingo ya usukani; na gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono uliopanda na kushuka kwa springi. Bwana Harold Daniell, mmoja wa waendeshaji wa Norton, alipoijaribu alisema kwamba ni kama kupanda kitanda cha manyoya, na kwa neno hilo fremu ikaitwa Featherbed mpaka leo. Mashindano ya mwaka ule yalithibitisha maneno yake. Norton walishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika Junior, wakarudia vile vile katika Senior, na aliyeshinda Senior alikuwa kijana Geoff Duke.

Fremu ilikuwa njema kupita kiasi. Injini iliyokaa ndani yake, ile ya Manx yenye silinda moja, ilikuwa njema pia, nayo ndiyo iliyoleta msukosuko. Wakati huo Uingereza ilikuwa na mchezo mpya wa motokaa ndogo za mashindano, zenye injini ya ujazo usiozidi sentimeta 500. Bwana Charles Cooper na mwanawe John, wenye karakana huko Surbiton, walitengeneza ya kwanza yao mwaka 1946, wakatumia injini ya JAP nyuma ya kiti cha dereva. Bwana Stirling Moss alianza kujipatia jina katika gari la namna hiyo mwaka 1948. Mwaka 1950 daraja hilo lilipewa jina la Formula 3, na muda si mrefu kila mshindani alijua kwamba, akitaka kushinda, hana budi kupata injini ya Manx.

Lakini Norton hawakuwa na desturi ya kuuza injini hiyo peke yake. Aliyeitaka alinunua pikipiki nzima, akaitoa injini akaitia garini, na vilivyobaki akavisukuma pembeni mwa karakana: fremu bora kuliko zote za nchi ile, uma wa mbele, magurudumu, breki, tangi. Fremu hizo ziliachwa wajane, na ziliuzwa kwa fedha ambayo fundi kijana aliweza kuipata. Nisitie chumvi, maana hadithi hii imekuzwa sana na wasimulizi. Triton nyingi hazikuundwa kwa fremu za Manx, bali kwa zile za Dominator, pikipiki ya njiani ambayo Norton waliipa Featherbed kuanzia msimu wa 1952, zilizonunuliwa zimekwisha tumika, na pengine zimekwisha anguka. Lakini wajane wa Manx ndio waliowafungua watu macho.

Nani basi angeingia katika nyumba iliyo tupu? Triumph walikuwa na injini ya silinda mbili aliyoianzisha Bwana Edward Turner mwaka 1937, nyepesi, nyembamba, rahisi kufunguliwa na fundi wa kawaida. Mwaka 1949 waliikuza hata ikafika ujazo wa sentimeta 649, wakaiita Thunderbird. Na mwezi Septemba wa mwaka huo waliendesha pikipiki tatu kutoka Uingereza mpaka kiwanja cha Montlhéry karibu na Paris, wakazizungusha kila moja maili 500 kwa wastani wa zaidi ya maili 90 kwa saa, kisha wakarudi nazo kwao. Nguvu ilikuwapo. Tatizo la Triumph za siku zile lilikuwa kwenye kona, ambako sehemu ya nyuma ilikuwa na mawazo yake mwenyewe na mwendeshaji alikuwa na yake. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa waliponywa wote wawili, mgeni kwa kupata nyumba imara, na mwenyeji kwa kupata moyo mwingine.

Pikipiki hizi zilionekana zaidi kwenye migahawa ya barabara kuu, kama ule wa Ace Cafe katika barabara ya North Circular mjini London, uliofunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa na mabomu ya vita mwaka 1940, ukajengwa upya mwaka 1949. Vijana walikutana hapo, wakanywa chai, wakatoka wawili wawili kutafuta kasi ya maili 100 kwa saa. Magazeti yaliwaandika sana, mengine kwa hofu, na si hofu ya bure, kwa kuwa wengi walipotea njiani. Lakini mimi leo nataka kuingia karakanani, ambako hapakuwa na mwandishi wa gazeti.

Injini ya Triumph ya wakati ule ilikuwa mbali na sanduku la gia. Hizo ni sehemu mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Fremu ya Norton haikuandaliwa matundu ya kuishika hata moja yao. Basi fundi alikata bamba nene za aluminiamu, akazitoboa matundu, na bamba hizo ndizo zilizoshika injini na sanduku la gia kwenye fremu. Katika bamba hizo ndimo bahati ya pikipiki ilimoandikwa. Injini ikisogezwa mbele, uzito hukaa juu ya gurudumu la mbele na pikipiki hushika njia. Ikirudishwa nyuma, mbele huwa kwepesi na usukani huanza kucheza. Ikipinda upande hata kidogo, magurudumu ya meno hayatazamani sawasawa, na mnyororo utayala meno hayo kama panya alavyo gunia. Fundi mzuri aliweka rula ndefu ya chuma kutoka gurudumu la meno la mbele mpaka la nyuma, akatazama kwa taa, akalegeza nati zote, akaanza tena. Wengine hawakufanya hivyo, na ndiyo sababu Triton nyingi zilijulikana kwa kukata minyororo na kutetemesha meno ya wapandaji.

Kutetemeka kulikuwa na asili yake pia. Katika injini ya Triumph pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mtikisiko wake hauishi. Unaweza kuupunguza tu, au kuupeleka mahali usipodhuru. Kipande kidogo cha chuma kinachofunga kichwa cha silinda kwenye fremu kilidharauliwa na wengi kwa udogo wake. Akiisahau fundi, bamba zitapasuka, na atailaumu aluminiamu.

Kisha kuna oili. Injini hii haiweki oili tumboni mwake. Huiweka katika tangi la pembeni, na pampu yenye vipande viwili huipeleka na kuirudisha, na kile cha kurudisha ni kikubwa kuliko cha kupeleka, ili tumbo lisijae. Kwa hiyo mabomba ni mawili. Akiyabadilisha fundi, injini itanguruma vizuri kwa dakika chache na kisha haitanguruma tena. Na pikipiki iliyolala muda mrefu ina hila nyingine: oili hujipenyeza polepole kupita kwenye pampu ikajaa tumboni, na siku ya kuamshwa hutoka moshi wa kutisha majirani. Kabla ya kitu chochote, toa plagi zote mbili, piga kiki taratibu mara nyingi, ukitazama ndani ya tangi mpaka uone oili inarudi. Haina haraka.

Naweza kusema hayo kwa kujua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu watatu walioamsha Triton iliyokuwa imelala muda mrefu, baada ya injini yake iliyovunjika kutolewa na kutiwa nyingine ya namna ile ile. Bamba tulizikagua, mnyororo tuliupima, oili ilirudi tangini. Ikabaki cheche.

Cheche ya pikipiki hii hutoka kwa magneto, mtambo mdogo wenye sumaku ambao hujifanyia umeme wake wenyewe bila betri. Ni lazima cheche iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto huchukua muda kuenea; kwa injini hizi ni karibu nyuzi 40 za mzunguko kabla ya kileleni, wakati mtambo unaowahisha cheche umefika mwisho wake. Mtambo huo huzuiwa kwa kabari ndogo ya mti. Pistoni hupimwa kwa kijiti kinachotiwa katika tundu la plagi. Halafu fundi huchukua karatasi nyembamba ya kuvingirishia sigara, akaibana kati ya vidomo viwili vya magneto, akaivuta kwa kidole huku akizungusha injini polepole. Pale karatasi inapoachiliwa, ndipo cheche inaporuka. Ni njia ya kizamani, lakini sijaona mizani iliyo sahihi kuliko ile karatasi.

Tulifanya yote hayo kwa adabu. Tukapiga kiki. Pikipiki ikapiga chafya, ikatema moto kwenye kabureta, na kiki ikarudi juu ikampiga mwenye pikipiki kwenye muundi. Jioni ya kwanza tuliilaumu kabureta, tukaisafisha. Jioni ya pili tuliikuta na uchafu katika tundu lile dogo la mwendo wa polepole, kwa maana petroli iliyokaa sana huwa kama gundi. Tukafurahi sana, tukaisafisha tena, nayo ikatema moto vile vile. Jioni ya tatu tuliwasha taa, tukatia petroli mpya, tukabadilisha plagi, na hatukuwa tukisemezana sana.

Alikuja jirani, mzee aliyewahi kuwa fundi wa mitambo ya shambani. Alitutazama kitambo, kisha akauliza, "Vijana, mmejuaje kwamba waya huu ni wa silinda hii?"

Hatukujua. Tulidhani. Nimesema kwamba pistoni zote mbili hupanda pamoja. Lakini zinapofika juu, moja inabana hewa na petroli tayari kwa cheche, na nyingine inasukuma nje moshi wa moto uliopita. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Sisi tulikuwa tumepima wakati wa cheche kwa usahihi kabisa, kisha waya mbili tukazibadilisha, hata kila silinda ikapata cheche yake mzunguko mzima baada ya wakati wake, vali za kuingizia zikiwa zimeanza kufunguka. Mzee alitoa plagi, akaweka kidole gumba juu ya tundu la kulia, akatuambia tupige kiki polepole. Silinda inayosukuma kidole ndiyo inayodai cheche. Akazibadilisha zile waya. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, na mwenye pikipiki alisahau kwamba mguu unamuuma.

Nimesimulia aibu hiyo kwa makusudi. Vitabu vingi vya historia ya pikipiki hutaja nguvu za farasi na kasi, wala havitaji waya mbili. Lakini mwaka 1965, katika mashindano ya saa 24 ya Barcelona, yaliyofanywa katika barabara za kilima cha Montjuïc, walioshinda walikuwa Bwana Dave Degens na Bwana Rex Butcher juu ya Triton. Bwana Degens ndiye aliyeiunda, katika karakana yake ya Dresda huko London. Katika mbio za mizunguko michache mtu huweza kushinda kwa nguvu na ujasiri. Katika saa 24, mchana na usiku, kupanda na kushuka, kila bamba huulizwa swali lake, na kila nati, na kila waya. Siku ile bamba za karakana ndogo zilijibu.

Siku za Triton zilikuwa zinakaribia kupungua. Mwaka 1963 Triumph waliunganisha injini yao ya 650 na sanduku la gia katika mwili mmoja, na uhuru wa kupanga kimoja mbele na kingine nyuma ukapotea. Karibu na wakati huo kazi ya Norton iliondolewa Birmingham ikapelekwa Woolwich. Mwaka 1969 Honda wa Japani walileta pikipiki ya silinda nne na ujazo wa sentimeta 750, yenye kiwashio cha umeme, na kijana mwenye fedha hakuwa tena na haja ya karatasi ya sigara. Ace Cafe ulifungwa mwaka uo huo, ijapokuwa ulifunguliwa upya baadaye, mwaka 2001. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983.

Liko jambo moja linalonisumbua. Leo Manx nzima ina thamani kubwa kuliko Triton, na kwa hiyo wako watu wanaozivunja Triton zilizojengwa kwa fremu ya Manx, wakatafuta injini ya zamani ya Norton, na kuirudisha, ili fremu iwe kama ilivyotoka kiwandani. Wanasema wanasahihisha kosa. Mimi naona wanafuta ukurasa. Fremu iliyokaa miaka michache na injini yake ya kwanza na miaka 60 na injini ya Triumph, ni ipi iliyo historia yake?

Rafiki yetu alishawishiwa na mnunuzi kufanya hivyo akakataa, si kwa hoja kama hizi zangu, bali kwa sababu aliipata kwa mjomba wake. Jioni ile ilipowaka aliizungusha barabarani mara tatu, akairudisha, akaizima, akatuamuru tunywe chai kabla ya kuigusa. Magneto za zamani zina ugonjwa mmoja unaojulikana sana: kondensa iliyomo ndani huchakaa, na pikipiki inayowaka vizuri asubuhi ikiwa baridi hukataa kabisa ikipata moto. Kwa hiyo hakuna anayesema ameiamsha pikipiki mpaka aiwashe ikiwa moto. Tulikunywa chai. Oili ilidondoka sakafuni, tone moja, halafu jingine. Aliinuka, akapiga kiki mara moja, nayo ikawaka.